Mcheza Kwao Hutunzwa: Kiti cha Mtazamaji Katika Mechi za Mtoano

Wahenga walipotuachia msemo kwamba mcheza kwao hutunzwa, walikuwa wakizungumzia ngoma. Mchezaji aliye mbele ya watu wake huingia uwanjani akijua kwamba walioketi pembeni ni wazee wake, mashoga zake na watoto wa mtaani mwake. Akifanya vizuri atatunzwa, na akikosea hatazomewa kabla hajapewa nafasi ya pili. Ngoma ya namna hiyo haisimami kwa mchezaji peke yake; inasimama kwa mchezaji na mtazamaji, na mmoja akikosekana mwengine hana kazi. Leo tunapenda kuuchukua msemo huo na kuupeleka mahali ambapo wahenga hawakupafikiria, nako ni kwenye mpira wa kikapu wa kulipwa, hasa zile mechi za mwisho za mtoano zinazoamua nani abebe kombe.

Bara letu la Afrika limekwisha kupata ligi yake katika mchezo huo. Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, inayojulikana kwa herufi za BAL, ilitangazwa mwaka 2019 kwa ushirikiano wa NBA ya Marekani na FIBA, yaani Shirikisho la Kimataifa la mchezo huo. Ilikuwa ianze Dakar mwezi wa Machi 2020, lakini maradhi ya korona yakaizuia, na mechi zake za kwanza zikachezwa Kigali mwezi wa Mei 2021. Kombe lilichukuliwa na Zamalek ya Misri mwaka 2021, US Monastir ya Tunisia mwaka 2022, Al Ahly ya Misri mwaka 2023, Petro de Luanda ya Angola mwaka 2024, na Al Ahli ya Tripoli, nchini Libya, mwaka 2025. Vijana wetu wa Unguja na Pemba wanayajua majina hayo, wanabishana juu yake barazani, na wapo wanaouliza lini mechi kama hizo zitachezwa visiwani kwetu.

Swali lao ni la haki. Lakini kabla ya kulijibu kwa michoro ya majengo, tuna hoja moja ambayo tungependa wahusika waizingatie. Mechi za mtoano hazitengenezwi na jengo, wala kombe, wala taa. Zinatengenezwa na mwananchi wa kawaida aliyelipa nauli yake, akanunua tiketi yake, akakaa kwenye kiti mpaka dakika ya mwisho. Chombo chochote cha serikali au cha michezo kinachotaka kuuleta mchezo huu kwetu kianze kwa kumhesabia mtu huyo kiti chake, ndipo kihesabu mengine. Kinyume cha hapo tutakuwa na ukumbi mzuri wenye mwangwi.

Kwa faida ya wasomaji wasioufuatilia mchezo huu, yafaa tueleze kidogo namna mechi hizo zinavyokwenda. Kule Marekani, kila timu ya NBA hucheza mechi 82 katika msimu wa kawaida. Baada ya hapo timu 16 huingia katika mtoano, na kila wawili wanaokutana hushindana mpaka mmoja ashinde mechi nne, hivyo huweza kukutana hadi mara saba. Bingwa hana budi ashinde mechi 16 kupita hatua nne. Katika mechi hizo saba, timu iliyofanya vizuri zaidi katika msimu hupewa mechi mbili za mwanzo nyumbani, kisha mbili huchezwa kwa mpinzani, na zikibakia nyengine hupokezana, moja moja, huku ya saba na ya mwisho ikirudi kwa yule aliyestahili zaidi. Kwa maneno mengine, zawadi ya kufanya kazi vizuri kwa miezi sita ni kucheza mbele ya watu wako. Wamarekani hawaujui msemo wetu, lakini wameuandika katika kanuni zao.

Jambo hilo hawakulichukulia kwa wepesi. Kuanzia fainali za mwaka 1985 hadi za mwaka 2013 walijaribu utaratibu mwengine, wa mechi mbili nyumbani, tatu mfululizo ugenini, kisha mbili nyumbani tena. Sababu kubwa ilikuwa ni kupunguza safari, kwani miji ya Boston na Los Angeles, ambayo timu zake zilikutana katika fainali za 1984, 1985 na 1987, imetenganishwa na upana mzima wa nchi ile. Hata hivyo, malalamiko hayakwisha. Ilisemwa kwamba mechi ya tano, ambayo mara nyingi huja wakati timu zimefungana mbili kwa mbili, inachezwa kwa yule aliyefanya vibaya zaidi katika msimu, na kwamba huko si kumtunza mcheza kwao bali ni kumnyang'anya. Mwaka 2014 utaratibu wa kupokezana ukarejeshwa, safari ziwe ndefu au fupi. Hapo pana mafunzo kwa mtawala yeyote: waliokuwa na fedha na ndege walikubali kuongeza gharama ili haki ya nyumbani isipotee.

Mwaka 2020 wakapata funzo jengine, tena kwa lazima. Kwa sababu ya korona timu zote zilizoendelea ziliwekwa mahali pamoja karibu na Orlando, katika jimbo la Florida, na mtoano mzima ukachezwa bila ya watazamaji wa kawaida. Pembeni mwa uwanja ziliwekwa skrini kubwa zenye nyuso za mashabiki waliokuwa majumbani kwao, na kelele zikapigwa kwa vipaza sauti. Los Angeles Lakers waliishinda Miami Heat kwa mechi nne kwa mbili mwezi wa Oktoba, na hapana anayeweza kuwaondolea ubingwa wao. Lakini aliyetazama mechi zile anakumbuka jinsi zilivyokuwa. Sauti ya viatu juu ya sakafu ilisikika, amri za makocha zilisikika, na timu iliyoitwa mwenyeji ilikuwa mwenyeji kwa jina na kwa rangi ya fulana tu. Kila kitu kilikuwapo isipokuwa watu, na upungufu wa kitu hicho kimoja ulionekana hata na mtoto.

Hatusemi kwamba kucheza nyumbani ni hirizi. Tarehe 19 Juni 2016, Cleveland Cavaliers waliingia Oakland, nyumbani kwa Golden State Warriors, kucheza mechi ya saba ya fainali. Walikuwa wamewahi kuachwa kwa mechi tatu kwa moja, na hapana timu iliyowahi kuinuka kutoka shimo hilo katika fainali. Wakashinda 93 kwa 89 mbele ya maelfu waliokuja kuona kinyume chake. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linatimiza maana. Ushindi ule unakumbukwa kwa kuwa ulipatikana mbele ya watu wa mpinzani. Lau ungepatikana katika ukumbi mtupu, au mbele ya wageni wasio na upande, ungekuwa ushindi na basi.

Sasa turejee Afrika. Ukumbi wa Kigali ulifunguliwa mwezi wa Agosti 2019, ukiwa na viti kiasi cha 10,000, na ujenzi wake ulichukua muda wa miezi kama sita tu. Mwaka 2022 ulipewa jina la BK Arena kwa makubaliano na Benki ya Kigali. Ni kazi ya kupigiwa mfano, na jirani yetu Rwanda anastahili pongezi bila ya kusitasita. Fainali nne za mwanzo za ligi ya Afrika zilichezwa humo, na ya tano, ya Juni 2025, ikachezwa Pretoria, Afrika Kusini.

Lakini msomaji na atazame jambo moja ambalo halisemwi sana. Katika fainali hizo tano hapana hata moja ambayo bingwa aliicheza mjini kwake. Wala aliyeshindwa hakuicheza mjini kwake. Watu wa Cairo, Monastir, Luanda, Dakar, Benghazi na Tripoli wote waliziona timu zao zikicheza fainali katika miji ya wengine, na wengi wao waliziona kwa televisheni. Utaratibu wenyewe pia ni mkali, kwani katika mtoano wa ligi hii timu nane huingia robo fainali na kila hatua huamuliwa kwa mechi moja. Hapana marudiano. Mshabiki aliyengojea mwaka mzima anaweza kuiona timu yake ikitolewa kwa dakika 40, maelfu ya maili kutoka kwake, bila ya kuwa na namna yoyote ya kuisaidia.

Watu wa Kigali nao wana habari yao. Mwaka 2021 timu yao ya Patriots ilifika nusu fainali, lakini ulikuwa mwaka wa korona na walioruhusiwa kuingia walikuwa wachache. Mwaka 2022 timu ya REG ilitolewa katika robo fainali na FAP ya Kameruni, ukumbini mwao wenyewe. Mwaka 2023 ikatolewa tena katika robo fainali, mara hii na Al Ahly iliyokuja kuwa bingwa. Mwaka 2024 hapakuwa na timu ya Rwanda hata moja katika mtoano uliochezwa Kigali, na wenyeji wakabaki kuwatazama wageni wakishindana na wageni. Aliyekwenda ukumbini mwaka huo alikwenda kwa mapenzi ya mchezo wenyewe, na mapenzi hayo hayakuota kwa siku moja. Yaliota kwa sababu Kigali ina ligi yake ya kila wiki na watu waliokwisha kuzoea kutoka nyumbani jioni kwenda kutazama kikapu.

Wapo watakaotujibu kwamba bara letu ni kubwa, ndege ni ghali, viza ni taabu, na miji yenye kumbi za kiwango kinachotakiwa ni michache. Kwa hivyo kuziweka mechi zote za mwisho mji mmoja ndiyo njia ya pekee ya ligi changa kuishi. Hoja hiyo ni nzito na hatuidharau. Ligi yenyewe imejitahidi, kwani tangu mwaka 2022 mechi za makundi zimekuwa zikipelekwa miji mbalimbali, Dakar na Cairo kwanza, kisha Pretoria, na mwaka 2025 Rabat na Kigali pia. Tunachosema ni kwamba umaskini wa safari usigeuzwe kuwa desturi. Kama fainali haiwezi kupelekwa kwa watu wa timu, basi watu wa timu wapelekwe kwenye fainali. Patengwe sehemu ya viti kwa kila timu iliyofika nusu fainali, viuzwe kwa bei ya chini kwa mashabiki wake waliosafiri na kwa wananchi wa nchi yake wanaoishi katika mji ule, wanafunzi na wafanyakazi. Hilo halihitaji ukumbi mpya, linahitaji uamuzi tu.

Sasa msomaji wa Michenzani au wa Chake Chake anaweza kuuliza: haya ya Cairo na Luanda yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu sisi ni watu wa visiwani, na mtu wa kisiwani akiwa mshabiki huwa ugenini kila siku. Bahari inamuongezea nauli, inampangia saa ya kurudi, na aghalabu inamnyima hata fursa ya kwenda.

Na wala tusijidanganye kwamba visiwa havina nafasi katika mchezo huu. Timu ya GNBC kutoka Bukini, yaani Madagaska, ilikuwa miongoni mwa timu 12 za msimu wa kwanza wa ligi ya Afrika mwaka 2021, ingawa haikuvuka hatua ya makundi. Visiwa vya Cape Verde, ambavyo watu wake ni kiasi cha nusu milioni, vilifuzu Kombe la Dunia la mpira wa kikapu la mwaka 2023 na kuishinda Venezuela 81 kwa 75. Nguzo ya timu yao, Walter Tavares, amezaliwa katika kisiwa kidogo cha Maio, na hakuwahi kuucheza mchezo huu kabla ya kupelekwa Uhispania akiwa kijana wa miaka 17. Akaja kuwa bingwa wa Ulaya na Real Madrid mwaka 2018 na mwaka 2023. Zanzibar, kwa sensa ya mwaka 2022, ina watu karibu milioni 1.9, zaidi ya mara tatu ya watu wa Cape Verde. Na upande wa Bara wa Jamhuri yetu ulimtoa Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili miongoni mwa vijana wote walioingia NBA mwaka 2009, ilhali naye alianza kucheza akiwa mkubwa, katika viwanja vya Dar es Salaam. Urefu Mungu ameugawa kila mahali. Kinachokosekana ni mahali pa kuuonesha na watu wa kuutazama.

Sasa ni wakati wa kulizungumza jambo hili, kwa sababu visiwa vyetu vimeingia katika zama za viwanja. Uwanja wa Amaan ulifunguliwa upya mwezi wa Disemba 2023 baada ya matengenezo makubwa. Mwezi wa Agosti 2025 ulipokea mechi za CHAN, na wananchi wakaziona Senegal, Nigeria, Kongo na Sudan zikicheza hapa kwetu. Michuano ya AFCON ya mwaka 2027 imekabidhiwa Tanzania pamoja na Kenya na Uganda. Hayo ni ya mpira wa miguu, lakini mlango ni huo huo, na wanaosukuma mlango huo ni wale wale. Mipango ya kumbi za ndani ikija mezani kwa waheshimiwa, tunaomba mambo yafuatayo yawe yamekwisha kuandikwa kabla ya kuchaguliwa rangi ya viti.

Kwanza ni viti vyenyewe. Hapana asiyejua kwamba katika shughuli zetu nyingi safu za mbele hutengwa kwa wageni wa heshima, na kwamba si mara moja safu hizo zimebaki tupu huku vijana wakisimama nje ya geti. Heshima ya viongozi tunaitambua, nayo ni sehemu ya mila zetu. Lakini kiti kitupu hakimheshimu mtu. Pawe na kanuni kwamba kiti cha heshima ambacho hakikukaliwa mpaka filimbi ya kwanza hufunguliwa kwa wanafunzi. Na safu zilizo nyuma ya vikapu, ambako mtupaji wa ugenini anaposimama kutupa mtupo wa adhabu huwa ameelekeana uso kwa uso na watu, ziuzwe kwa bei ya chini kuliko zote na wapewe wenye sauti. Ndiko ngoma inakopigwa.

Pili ni bei. Tiketi isiyonunulika kwa mshahara wa karani au pato la mchuuzi wa Darajani ni sawa na mlango uliofungwa. Marekani penyewe bei za mtoano zimepanda mpaka mfanyakazi wa kawaida akaachiwa televisheni, na wenye kuupenda mchezo huo wanalalamika kwamba viti vya mbele vimejaa watu waliokuja kuonekana. Tusiige maradhi ya tajiri kabla hatujapata utajiri wake.

Tatu ni saa. Mechi ya kanuni za kimataifa ina dakika 40 za mchezo, lakini pamoja na vituo vyake huchukua karibu saa mbili. Ikianza baada ya sala ya Alasiri, saa kumi, itakwisha kabla ya Magharibi. Ikianza baada ya Isha, saa mbili na nusu za usiku, itakwisha wakati ambapo pawe pameandaliwa daladala za kuwarudisha watu shamba. Mechi ya kuanza saa kumi na mbili haifai, kwani itawataka watu wachague baina ya mchezo na ibada, na watakaochagua ibada ndio wengi. Vile vile, mtu wa Wete au Mkoani hawezi kuja Mjini kutazama mechi ya usiku akarejea usiku huo huo. Kwa ajili yake, ratiba itolewe mapema na ipangwe pamoja na wenye boti, na baadhi ya mechi zipelekwe Pemba. Pemba haikuumbwa kuwa mtazamaji wa Unguja.

Nne ni wanawake na watoto. Ukumbi usiokuwa na mlango wa salama, taa za njiani, vyoo safi na sehemu ambayo mama anaweza kukaa na wanawe bila ya bughudha, utakuwa umekwisha kuwapoteza nusu ya watazamaji kabla ya mechi kuanza. Mpira wa kikapu ni mchezo ambao wasichana wa skuli zetu wanaucheza. Itakuwa ajabu wakiruhusiwa kuucheza lakini wasiwe na mahali pa kuutazama.

Tano ni wale watakaokosa nafasi. Hapa Toronto, nchini Kanada, inatupa mfano mwepesi. Mwaka 2019 timu ya Raptors, iliyosimamiwa na Masai Ujiri, ambaye baba yake ni Mnijeria na mama yake ni Mkenya, ilichukua ubingwa wa NBA kwa kuishinda Golden State Warriors mechi nne kwa mbili. Katika mtoano ule maelfu ya watu wasiokuwa na tiketi walijaa katika kiwanja cha nje ya ukumbi, wakasimama kwenye mvua na baridi mbele ya skrini kubwa, nao wakahesabika kuwa sehemu ya ushindi. Sisi hatuna baridi, na tunao uwanja wa Forodhani. Mechi za Kigali za jioni hutufikia kwa saa nzuri, kwani saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja tu. Fainali za NBA hutufikia kiasi cha saa tisa na nusu za usiku, nazo tunawaachia wenye subira. Skrini moja Forodhani na moja Gombani, kwa siku za robo fainali hadi fainali ya ligi ya Afrika, zingegharimu sehemu ndogo sana ya bei ya ukumbi, na zingetuonesha kwa macho kama watazamaji tunao au tunajidai tu.

Sita, na hili ndilo la msingi, ni mechi za nyumbani za kila wiki. Mshabiki wa mtoano hufundwa katika mechi ndogo. Skuli zenye viwanja vya saruji vyenye milingoti miwili iliyoinama ndizo zitakazotoa mchezaji na mtazamaji kwa pamoja. Kabla ya ukumbi mmoja wa mamilioni, tungependa kuviona viwanja hivyo vikiwekewa nyavu, mistari, taa na mabenchi mawili ya mbao. Gharama yake inahesabika na mwalimu mkuu yeyote.

Tukishasema ya wakubwa, haki inatutaka tuseme na yetu. Mshabiki naye ana deni. Mwezi wa Mei 2021, watazamaji waliporudi katika kumbi za Marekani baada ya kufungiwa nje kwa muda mrefu, katika siku chache tu za mtoano mmoja alimmwagia bisi mchezaji Russell Westbrook kule Philadelphia, mwengine akamtemea mate Trae Young kule New York, na mwengine akamrushia chupa Kyrie Irving kule Boston. Watu walioililia nafasi yao mwaka mzima waliichafua kwa wiki moja, na wenye kumbi wakawapiga marufuku. Kuzomea ni sehemu ya mchezo. Hata ngoma zetu zina vijembe. Lakini kijembe ni neno, na chupa ni silaha. Mtazamaji anayejua tofauti hiyo ndiye anayestahili safu ya mbele.

Deni jengine ni la kulipa na kufika. Wako mashabiki wanaojua idadi ya vikapu vya mchezaji wa Los Angeles msimu mzima, lakini hawajui timu ya mtaani mwao inacheza siku gani. Wako wanaotaka kuingia bure kwa kujuana na mlinzi, kisha wakalalamika kwamba timu haina fulana. Klabu haiishi kwa sifa. Mia chache za mlangoni, zikilipwa na watu mia tatu kila wiki, humlipa mwamuzi na hununua mpira. Asiyelipa hana haki ya kuuliza fainali itachezwa wapi.

Tunajua kwamba serikali ina maji ya kusambaza, hospitali za kujenga na skuli za kukarabati, na kwamba mbele ya hayo mpira wa kikapu unaweza kuonekana kuwa anasa. Ndiyo maana hatuombi jengo kwanza. Tunaomba utaratibu, ambao si ghali, na ambao ukikosekana jengo lolote litakalokuja baadaye litakuwa deni la wajukuu wetu. Wizara inayohusika na michezo, mabaraza ya miji na vyama vya mchezo huu, Unguja na Pemba, wakutane na mashabiki wenyewe, si kwa hotuba bali kwa kusikiliza, kabla ya msimu ujao wa ligi ya Afrika kufika katika mtoano. Waanze na skrini mbili, ratiba moja ya mechi za skuli, na kanuni ya viti vitupu. Mambo hayo matatu yanaweza kuamuliwa kwa kikao kimoja, na mwananchi ataweza kuyaona kwa macho yake na kuuliza iwapo hayakufanyika.